Funda Alilomwachia Apolonia

Oktoba ya mwaka sabini na sita, jua lilikuwa limesahau kabisa kwamba Mbeya ni mji wa baridi. Watu waliozoea kushinda na makoti waliyaacha nyumbani, mbwa walilala chini ya malori, na kilabu cha pombe cha Iyunga kilifurika tangu mchana. Walikuwapo waliotoka kazini kwenye kituo kipya cha reli, walikuwapo madereva wa masafa marefu, na walikuwapo waliowakimbia wake zao tu. Bia ya chupa ilikuwa imeadimika mji mzima. Hata ingekuwapo, mwenye akili timamu asingeiacha pombe ya komoni ya Apolonia akaenda kuitafuta.

Apolonia hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa Mhehe wa Idodi, mrefu, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa kiunoni na kilemba cha rangi hiyo hiyo. Sauti yake ilifika barabarani bila kuipaza. Alijua anapika vizuri na hakuona sababu ya kujifanya hajui. Ulezi wa kimea aliuotesha mwenyewe, mahindi aliyachambua mwenyewe, na mitungi yake aliifukia nusu kwenye mchanga uliomwagiwa maji nyuma ya banda. Ndiyo maana pombe yake ilitoka baridi hata jua likiwa utosini.

"Dada, kuna bia hapa?"

Aliyeuliza alikuwa amevaa suruali ya bugaluu ya kahawia, shati la maua lililolowa jasho mgongoni, na viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao Mungu alishampa wa kutosha. Kichwani afro, vidoleni grisi.

"Bia ya nini, kaka, na mimi nipo?"

"Kwani wewe ni bia?"

"Mimi ni zaidi. Kaa hapo."

Wanywaji waliokaa karibu walicheka. Apolonia alichota kopo, akanywa funda moja mbele yake kama kila mpishi wa pombe anavyofanya, ili mgeni aone hakuna ubaya ndani, kisha akampa. Yule bwana alikunywa macho kayafumba. Koromeo lilipanda na kushuka, likapanda na kushuka. Alipofumbua macho alilitazama kopo kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na asiyemjua.

"Umeweka nini humu?"

"Nimeweka mikono yangu. Unywe, usiniulize."

Akacheka, akanywa tena, na lilipobaki funda moja chini ya kopo akamnyoshea kwa mikono miwili. "Shika, dada. Niongeze."

Apolonia alilipokea kopo, akasahau kuchota. Nyumbani kwa baba yake, mzee Liberatus, mchumba hupimwa kwa kibuyu. Msichana anapika, mwanamume anapewa anywe, na akimpenda kweli humbakizia funda. Msichana akilimaliza lile lililobaki, uchumba umefungwa. Hivyo ndivyo mama yake alivyopatikana, na bibi yake kabla ya mama. Sasa huyu mpita njia, mbele ya kilabu kizima, anamwachia funda kwa mikono miwili!

"Nani kakufundisha hivyo?" aliuliza.

"Kunywa? Sikufundishwa, nilizaliwa nayo."

Apolonia aliona mtu anamficha jambo kwa utani, na akampenda zaidi. Aligeuka upande wa mitungi, akalinywa lile funda mtu asione.

Jina lake lilikuwa Shija, fundi wa malori katika gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Wazazi wake walikuwa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakahamia Usangu. Tangu siku ile alifika kila jioni, na kila jioni alibakiza funda. Joto lilipozidi, walikaa wawili nyuma ya banda, miguu kwenye mchanga wenye maji, wakinywa polepole na kucheka.

"Polonia, nikifa unizike karibu na mtungi huu."

"Ukifa nani ataniambia mimi mzuri?"

"Kilabu kizima kinakwambia."

"Kilabu kizima kinalewa. Nataka neno la mtu mwenye akili zake."

"Basi leo sinywi. Wewe ni mzuri. Haya, nipe kopo."

Siku Apolonia alipolala na malaria, Shija aliomba ruhusa gereji akaja kumuuzia. Alikuwa amesikia kwamba muuzaji lazima aonje mbele ya mteja, naye akaonja kwa kila mteja aliyekuja, na si funda dogo bali la kishujaa. Kabla ya saa sita alikuwa anawaimbia wateja Kisukuma, na Esta, jirani wa Apolonia kilabuni, alilazimika kumlaza kwenye mkeka. Apolonia alicheka mpaka homa ikashuka. Wiki ile ile Shija alimwambia, akiwa mkavu kabisa, hajaonja hata funda, kwamba anataka kumwoa.

Apolonia alitangulia Idodi kwenda kupika. Kabla ya kuondoka alimfundisha Shija kila kitu: kwamba asalimie kwa kusema "kamwene", asikae kabla hajaambiwa, apokee kwa mikono miwili, asimkodolee macho mama yake. La kibuyu hakumfundisha. Ya nini kumfundisha mtu kitu anachokifanya kila jioni?

Akiwa njiani alilala Iringa mjini kwa shangazi yake, Benedicta, na Shija akampigia simu kwenye duka la jirani, la Philbert.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nanunua ulezi wa kukupikia. Na wewe?"

"Nina kiu. Nimeapa sitaonja kitu mpaka nifike kwenu."

"Utakauka, bwana wewe."

"Acha nikauke. Nitalowea huko huko."

Alikauka kweli. Idodi iko chini, karibu na mbuga ya Ruaha, na mwezi wa Novemba kabla ya mvua joto la kule halina mzaha. Shija na baba yake mdogo, mzee Budeba, aliyekuja kuwa msemaji wake, walifika juu ya lori la mahindi, weupe kwa vumbi kope mpaka viatu. Hata hivyo Shija alisalimia vizuri, akasimama mpaka alipoambiwa akae. Mzee Liberatus alimtazama binti yake kwa jicho la kuridhika.

Apolonia alitoka ndani amevaa gauni jeupe la kanisani, kibuyu mkononi. Alikuwa hajawahi kupika komoni safi kama ile. Alionja, akapiga goti, akampa.

Shija alikunywa. Watu wakatulia, wakingoja. Alikunywa mpaka nusu, akapumua, na uso wake ukajaa furaha ambayo Apolonia aliijua. Akanywa tena. Aliendelea kunywa, kichwa kikazidi kwenda nyuma, na kibuyu kikazidi kwenda juu, mpaka Apolonia akaona kitako cha kibuyu kinatazama mbinguni. Kisha Shija akakipindua wote waone kwamba halikudondoka hata tone.

"Nimemaliza yote!" alisema kwa fahari.

Mama yake Apolonia alijishika mdomo. Mzee Liberatus alisimama polepole.

"Mgeni amemaliza," alisema. "Binti yangu hakubakiziwa kitu. Wapeni maji wanawe, tuwatakie safari njema."

Apolonia alikimbilia ndani. Aibu ilimchoma kuliko jua la nje. Mtu aliyejua, mtu aliyemwachia funda kila jioni, amesafiri mpaka kwao kuja kumkataa mbele ya ukoo! Huko nje alimsikia mzee Budeba akifoka kwamba wamedharauliwa kwa sababu wao ni watu wa ng'ombe na wageni katika nchi za watu, na Shija akiuliza, "Nimekosa nini? Polonia! Nimekosa nini?" Hakutoka. Lori liliondoka nao.

Hakurudi Mbeya pia. Angewatazamaje watu wa Iyunga? Alibaki Iringa kwa shangazi Benedicta, akawa anapika komoni nyuma ya nyumba, na wateja wakamfuata maana joto halibagui mji. Simu ya Philbert ililia kila siku, naye Apolonia kila siku alimwambia aseme hayupo, hata akiwa amesimama mlangoni. Mwishowe Philbert alimjia juu.

"Dada, hili ni duka, si posta! Njoo umtukane mwenyewe yaishe."

Apolonia alijifunga khanga, akaenda kumtukana.

"Unataka nini?"

"Polonia! Kwa nini baba yako alinifukuza? Ni ukabila?"

"Usinifanye mjinga. Uliinywa yote!"

"Niliinywa yote kwa sababu uliipika wewe! Kwetu ukibakiza pombe ya mtu umemtukana."

"Mbona Iyunga ulikuwa unaniachia? Kila siku, Shija. Kila siku ulikuwa unaniachia funda langu."

Alisikia nyundo ikigonga chuma huko gereji.

"Machicha," alisema Shija kwa sauti ndogo.

"Machicha gani?"

"Chini ya kopo la kilabu kuna machicha, mama. Yananikwama kooni. Nilikuwa nakurudishia uyamwage."

"Ina maana muda wote ule ulikuwa unanipa machicha?"

"Kwani ulikuwa unayafanyia nini?"

"Nilikuwa nayanywa!"

Opereta aliyekuwa akiwasikiliza alishindwa kujizuia, akacheka, kisha akakumbuka kazi yake akawaambia muda umekwisha. Simu ikakatika.

Apolonia alirudi akiwa hajui kama alie au acheke, akaona bora alie. Hasira kwa Shija ilikuwa imekwisha. Kilichomuuma sasa ni kwamba ishara aliyoijengea mapenzi yake yote ilikuwa uchafu wa ulezi. Alimsimulia shangazi yake, na shangazi alicheka mpaka akaketi chini.

"Kwa hiyo wewe ulimpendea machicha?"

"Shangazi, usinicheke."

"Nakuuliza. Ulimpendea yale machicha?"

Apolonia alifikiri. Alimwona Shija miguu yake mchangani. Alimwona amelala kwenye mkeka wa Esta, amelewa kwa kumuuzia yeye pombe bila kukosea desturi hata kwa mteja mmoja. Alimwona juu ya lori la mahindi, mdomo mkavu, akikataa hata maji ya njiani ili kiu yote iwe ya kibuyu chake.

"Hapana," alisema. "Nampenda mwenyewe."

"Basi futa kamasi. Nenda kamwambie baba yako."

Mzee Liberatus alisikiliza habari yote bila kutabasamu, ingawa ilipofika kwenye machicha alikohoa kidogo. Kisha akatikisa kichwa. "Ni bahati mbaya. Lakini mwanamume hapewi kibuyu mara mbili. Sikuiweka mimi desturi hiyo."

"Sijasema apewe, baba. Nipewe mimi."

"Wewe?"

"Ninywe mimi kwanza, nimwachie yeye."

"Jambo hilo halijawahi kutokea."

"Limekatazwa?"

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa inamsumbua. "Halijakatazwa," alikiri.

"Basi tunaondoka Alhamisi."

"Tunaondoka nani?"

"Mimi na wewe. Si ulisema unataka kuiona reli?"

Mchana walipofika Iyunga, lami ilikuwa laini kwa jua. Apolonia alivuka barabara na gauni lake la njano, kibuyu kimefunikwa jani la mgomba, baba yake nyuma ameshika kofia. Wanywaji wa kilabu walimwona, wakaacha makopo wakamfuata. Esta alipiga kigelegele kabla hajajua cha nini.

Chini ya lori moja ilionekana miguu mirefu ya Shija.

"Wewe fundi! Toka huko."

Shija alitoka kwa haraka, akajigonga kichwa, akasimama na spana mkononi. Alimwona Apolonia, akamwona mzee, akaificha spana nyuma ya mgongo.

"Kamwene, baba," alisema.

"Kamwene. Nyamaza, utazame," alijibu mzee.

Apolonia alikifunua kibuyu, akanywa mbele ya gereji nzima na kilabu kizima. Hakunywa funda la kuonja. Alikunywa kama mtu aliyetoka Iringa juani, na ilipofika nusu akaacha, akafuta midomo, akamnyoshea kwa mikono miwili.

"Nimekuachia, Shija. Nakupenda, na nimekuja mwenyewe kukwambia. Ukinywa, mimi ni wako. Ukikataa, nitaiuza iliyobaki, wateja hawa hapa."

Shija alifuta grisi kwenye suruali. Akapokea. Akanywa taratibu, na kila alipomeza watu walimeza mate. Halafu, kibuyu kikiwa karibu kuisha, akaacha kunywa. Akachungulia ndani.

"Polonia, hii haina machicha."

"Nimeichuja mara mbili."

"Ni safi mpaka chini."

"Basi malizia, mwanangu," alisema mzee Liberatus, akijipepea na kofia. "Na sisi wengine tuna kiu."

Shija alitikisa kichwa. Funda lililobaki lilikuwa safi, baridi, tamu kuliko yote, na kiu ilikuwa bado haijamwisha. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akamrudishia Apolonia, na safari hii alijua anachokiacha.

Apolonia alilinywa lote.