Mapaa Yasiyojibu

Mchana ule vipungu vilifanya kazi ya kupendeza. Vyombo hivyo vya kuruka bila rubani vilishuka juu ya mapaa ya jiji la Mtondoo, vikafungua viti, vikafunga watu mikanda na kuwapeleka mlimani, huku mto ukimeza mitaa ya chini. Katika chumba cha uokoaji watu walipiga makofi kila idadi ya waliobaki ilipopungua.

Sikudhani Mbonde, mhandisi wa programu, hakupiga makofi. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Baba yake alikuwa Mtaa wa Saku, simu yake haipatikani tangu asubuhi, na ramani ilidai kwamba juu ya paa lake hakuna mtu.

"Labda ameshaondoka," alisema Bwana Chitanda, mkuu wa uokoaji.

"Baba yangu? Aiache nyumba yake? Humjui, Mkuu."

Mfumo ule uliandikwa kwa lugha mbili za kompyuta. Ya kwanza, Mizani, ilihesabu watu kwa vihisi joto na simu zao. Ilikwenda polepole, lakini isipojua kitu iliacha nafasi wazi. Ya pili, Mshale, ilipanga safari za vipungu kwa kasi ya ajabu, ila yenyewe ilitaka namba tu. Katikati palikuwa na programu ndogo ya kuvusha data kutoka lugha moja hadi nyingine, nayo waliiita Kivuko.

Sikudhani alifungua data upande wa Mizani. Paa la baba yake: wazi. Akafungua upande wa Mshale. Paa lile lile: sifuri.

"Mungu wangu! Kivuko kinajaza sifuri! Mkuu, si kwamba kule hakuna watu. Hatujui tu!"

Mapaa ya namna hiyo yalikuwa mamia, kote ambako minara ya simu, pamoja na vihisi vilivyofungwa juu yake, ilikuwa imezama.

"Basi iambie Mshale kwamba hatujui."

"Haina neno hilo. Lazima niipe namba. Nipe namba gani?"

Chitanda alijifuta jasho. Kila kipungu kitakachokwenda kwenye paa tupu kitakuwa kimechukuliwa kutoka kwa watu wanaoonekana kabisa, wanaopunga mashuka.

"Weka moja," alisema. "Tusije tukawaua hawa kwa ajili ya wale."

Sikudhani akaweka moja kwenye kila nafasi iliyo wazi. Vipungu viligeuka hewani. Kwenye skrini, mwanamke aliyekuwa juu ya paa la shule alikiona kipungu chake kikimwacha, akakirushia kiatu. Sikudhani alitazama pembeni.

Mapaa mengi yalikuwa matupu kweli. Kisha likatokea paa la Saku.

"Yupo! Baba yupo!"

Mzee alikuwa amesimama, suruali kaikunja magotini, na nyuma yake jirani mmoja na watoto watatu. Kipungu kikafungua kiti. Kimoja. Mshale ilituma kipungu cha mtu mmoja, kama ilivyoambiwa.

"Nyie!" Mzee alikifokea chombo. "Kiti kimoja? Nani kawaambia huku kuna mtu mmoja?"

Sikudhani alivuta kipaza sauti kilichounganishwa na kipungu. Alitamani ardhi immeze.

"Mimi, baba."

"Siku? Ni wewe, mwanangu?"

"Ni mimi. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, acha kulia. Nampandisha huyu mdogo."

Alimfunga mtoto mkanda, akauvuta kuhakikisha umeshika. Kipungu kilipaa, na kamera ikapaa nacho, hata paa likaanza kuwa dogo.

"Tumebaki wanne!" Mzee alipaza sauti. "Umesikia? Wanne!"

"Nimesikia!"

Sikudhani aliandika nne. Mshale ikajibu papo hapo: vipungu vitafika baada ya dakika arobaini. Maji yalikuwa yameshaanza kupanda juu ya bati.

"Vinakuja lini?" Sauti ya baba yake ilikuwa inafifia.

Chitanda aliisoma ile arobaini, akainamisha kichwa.

"Sasa hivi, baba," alisema Sikudhani. "Vinakuja sasa hivi."