Mkono wa Moraa Jua Likizama

"Ulipiga magoti wapi na suruali hii?"

Kazungu alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu. Aliitazama suruali iliyoinuliwa mbele ya uso wake, akasema aliteleza korongoni, si jambo.

"Uliteleza Jumatatu, Jumanne na jana?"

"Ni vumbi tu, Damaris."

"Vumbi la juu ni jekundu. Hili ni jeupe."

Kazungu alichukua kofia yake, akasema wageni wa saa kumi wameshafika langoni mwa korongo, akaondoka.

Damaris alibaki na suruali mkononi. Alikuwa mpimaji wa damu kwenye zahanati ya Marafa, na kazi ilikuwa imemfundisha kutosema jambo kabla hajaliona chini ya darubini. Lakini Marafa nzima inalijua korongo la Nyari. Juu udongo ni mwekundu, katikati una rangi ya chungwa, na ule mweupe uko chini kabisa, chini ya ngazi ya mwisho ya mawe. Waongoza wageni huwapandisha watu wao kungali na mwanga. Sasa Kazungu, mwenye miaka sita katika kazi hiyo, alipiga magoti kule chini kufanya nini, wakati wageni wameshaondoka?

Na kulikuwa na ujumbe. Damaris hakuwa mtu wa kupekua simu, lakini Jumanne usiku ile ya Kazungu iliwaka mezani, naye akausoma ujumbe ulioingia jioni.

"Wameshapanda gari. Nakuja. Usisogee."

Jina lilikuwa Moraa, mwanamke wa Kisii aliyeletwa langoni mwezi wa kwanza kukata tikiti. Ana sauti ya kicheko na mikono minene yenye bangili. Tangu Jumanne hiyo Damaris alikuwa amezihesabu bangili zile mara mbili, alipopita langoni kwa kisingizio cha kununua maji. Zilikuwa saba.

Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazee wa kina Kazungu walikuwa wanakwenda Ganda kwa baba yake Damaris, Mzee Kiponda, kupeleka mahari. Mahari ikishapokelewa, kurudi nyuma ni aibu ya koo mbili. Alikuwa na siku mbili za kujua ukweli.

Saa kumi na mbili alipiga simu. Haikupokelewa. Alipiga tena mara mbili, kisha akajifunga leso na kushika njia ya korongoni. Njiani alikutana na Mwambire, mwongozaji mwenzake Kazungu, akirudi na wageni wa mwisho. Alimsalimu vizuri, akamuuliza mwenzake yuko wapi. Mwambire alisema amebaki chini kuokota chupa, kama kila siku, halafu akacheka.

"Shemeji, bwana wako siku hizi amependa giza kuliko mshahara."

Marafa jua halina maringo. Saa kumi na mbili na nusu lipo juu ya vilele vya udongo, vinawaka kama makaa. Robo saa baadaye hujui mti ni upi na mtu ni yupi. Damaris alisimama juu, njia ya kupandia inapoishia, akaiona tochi moja ikishuka. Akasikia bangili. Kisha kimya kirefu, na katika kimya kile aliona kila kitu alichokuwa hajakiona: mkono shingoni, kichwa kifuani, udongo mweupe magotini. Hakulia. Alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja.

Tochi ilianza kupanda. Nyuma yake walikuwa watu wawili walioshikana mikono.

Kule chini, kwenye ngazi ya mawe inayotoka kwenye udongo mweupe, Kazungu alipiga magoti, akapapasa jiwe, akajivuta kama mtoto anayejifunza kutambaa, huku Moraa amemshika kiunoni. Walipofika juu Damaris alikuwa hatua mbili mbele yao. Moraa alimwona, akasimama ghafla.

Kazungu alikuwa amemkodolea macho Damaris, uso kwa uso.

"Amenipigia mara tatu," alimwambia Moraa. "Sikupokea. Nitamwambia nini? Yule atanipima kama anavyopima damu ya watu. Akishaandika jibu lake halifuti."

Moraa alimminya mkono.

"Mbona umesimama? Kuna mtu?"

Mtu huyu alikuwa anamtazama, na hakuwa anamwona.

"Ni vidole vingapi?" aliuliza.

Kazungu alishtuka. "Damaris?"

"Nimeuliza vidole vingapi."

Alikaza macho, akayapepesa, akakisia. "Viwili."

Damaris hakuwa ameinua hata mkono.

Maelezo yaliyofuata yalikuwa mafupi. Mchana anaona vizuri. Jua likizama, dunia inamfungia mlango. Tochi humwonyesha duara dogo la ukubwa wa sahani, basi. Wageni huwatanguliza na Mwambire kungali na mwanga wa kuwatosha wao, maana yeye tayari haoni pa kukanyaga, asije akamwangusha mtu; yeye anabaki kwa hadithi ya chupa hadi Moraa amfuate. Moraa aligundua mwezi wa pili, alipomwona anapita kando ya lango na kugonga ukuta.

"Dada, mimi nina mume kwetu," alisema Moraa, "na macho yake yote mawili yanafanya kazi. Huyu wako namvuta tu kama mbuzi."

Damaris hakucheka. "Umejua tangu mwezi wa pili. Huu ni wa sita."

"Niliogopa," alisema Kazungu. "Mwongozaji asiyeona jioni hana kazi. Na baba yako hawezi kumtoa binti kwa kipofu."

"Sikuulizi kuhusu baba. Kwa nini yeye alijua na mimi sikujua?"

"Yeye si mtu wangu. Akiniacha, sipotezi kitu."

Hilo lilimwingia, lakini halikumtosha. Ingekuwa mapenzi, angejua la kufanya: angerudisha suruali, angempigia baba simu, yangeisha. Hili lilikuwa siri ya miezi minne, mwanamke mwingine ameishika kwa mkono kila jioni, na yeye akifua nguo.

"Kesho unamwambia Mwambire na wenzako, na kazi ya jioni unaiacha," alisema. "Jumatatu tunakwenda Malindi kwa daktari wa macho."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi wazee watoke mapema. Nataka mfike Ganda kungali na jua, umtazame baba machoni unapomwambia. Akikataa, atakuwa amekataa yeye. Mimi sijakataa."

Kazungu alitaka kusema neno, Damaris akamkatiza.

"Na mkono wake uache."

Hapo ndipo wale wawili walipogundua kwamba Kazungu bado ameushika. Moraa aliuchomoa upesi, bangili zikalia. Kazungu alibaki pembeni mwa korongo na vidole vitupu, hajui shimo liko upande gani, hajui mchumba wake yuko upande gani.

Damaris alimwacha hivyo kidogo, kiasi cha kuvuta pumzi tatu, apate kuujua urefu wa kuachwa gizani. Kisha akampa mkono wake mwenyewe.