Kigingi cha Praygod

Rafiki yangu Praygod si mtu wa kutunga mambo. Alikwenda shambani kwa Bi Mwanakombo, huko pwani kusini mwa Temeke, kupigilia vigingi panapopangwa kujengwa mitambo ya umeme wa upepo.

"Kile kilima kina wenyewe, mwanangu," bibi alimwambia. "Piga hodi kwanza. Hodi tatu zisipoitikiwa, geuza urudi, kama mlangoni kwa watu."

Praygod akacheka. Kule juu akaita hodi tatu kwa mzaha. Kimya, hata upepo ulikoma. Akapigilia kigingi chenye kitambaa chekundu, akarudi zake nyumbani, Chamazi.

Jioni umeme ukakatika. Akiwa peke yake sebuleni, gizani, akasikia mlangoni: "Hodi!" Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na mzaha uleule. Hodi ya pili. Ya tatu. Praygod akajiziba mdomo, asiitikie. Pakawa kimya. Akashusha pumzi: mgeni asiyeitikiwa huondoka.

Ndipo nyundo ikaanza kugonga mle ndani, karibu kabisa na miguu yake.

Umeme uliporudi, mlango ulikuwa bado na komeo. Kigingi kilikuwa kimezama katikati ya sakafu, na kile kitambaa chekundu kilikuwa kikipepea, madirisha yote yamefungwa.