Kengele Tatu za Shimo la Mutende

Kila siku akitoka shule, Nkandu alikula nshima yake, ugali wa mahindi, akaosha sahani, kisha akavuka barabara kwenda kibandani kwa mjomba wake. Mjomba huyo, Chansa, alikuwa fundi redio na mpiga gitaa. Nkandu alimwita Bayama, kama watoto wote wa Mutende, mji wao wa mgodi, wanavyowaita kaka za mama zao.

Kibanda kilipakana na mashine ya kusaga mahindi. Umeme ukiwepo, mashine ilinguruma mpaka misumari ikatetemeka ukutani. Umeme ukikatika, mashine ilinyamaza, na vyombo vyote vya Bayama vikanyamaza pia. Kwa hiyo kazi yao yote waliifanya ndani ya kelele, wakizungumza kwa kupaza sauti.

Nyumbani, kinyume chake, kulikuwa kimya. Tangu baba yake Nkandu afe mgodini pamoja na wenzake sita, mama yake alisema maneno ya lazima tu: chumvi, maji, funga mlango.

Sasa mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Familia saba zilikubaliana kukutana ukumbini, majina yasomwe, na baada ya kila jina zisikike kengele tatu. Kengele tatu ndizo zilizokuwa ishara ya lifti ya mgodi kwamba watu wanapandishwa. Kila mwisho wa zamu, wanawake wa Mutende walisimamisha kazi mikononi na kuhesabu: moja, mbili, tatu. Ndipo walipoteleka maji ya nshima. Lakini baada ya ajali shimo lilifungwa, na kengele ikauzwa pamoja na vyuma chakavu.

"Mkizipata kengele tatu, nitakuja," mama yake Nkandu alimwambia kaka yake. "Bila hizo, sina ninachokwenda kusikiliza."

Bayama aligonga rimu ya gari. Akagonga kipande cha reli. Akaazima kengele ya kanisa. Wajane walisikiliza, wakatikisa vichwa. Kengele ya shimo ilikuwa na ufa, na ndani ya mlio wake kulikuwa na sauti mbili zinazogombana.

"Basi nitaitengeneza kwa gitaa," alisema Bayama.

Alimchorea Nkandu mchoro. "Tazama. Ndani ya kisanduku hiki kutakuwa na mluzi mwembamba usiokatika. Sauti ya gitaa ikiingia, inagongana na mluzi, na kinachotoka si gitaa tena wala si mluzi. Ni chuma."

"Na nisipopiga gitaa, si mluzi utasikika?"

"Swali zuri. Hapa katikati kuna dayodi nne, vijiti vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zimefungwa kwa duara. Zikilingana kabisa, mluzi unajifuta wenyewe, kisanduku kinanyamaza. Ikitofautiana hata moja, mluzi unavuja."

Alimwaga mezani dayodi themanini alizozing'oa kwenye redio mbovu. "Utazipima zote, tutafute nne zinazofanana. Usiishike kwa vidole, joto la mkono linabadilisha kipimo. Ishike kwa koleo, hesabu mpaka sitini, ndipo usome mita na kuandika. Macho yangu hayaoni tena tarakimu ndogo, Nkandu. Daftari lako ndilo macho yangu."

Siku ya kwanza Nkandu alipima kumi na tisa. Siku ya pili alikuwa amefika ya thelathini na moja pale rafiki yake Mwape alipochungulia mlangoni akiwa na mpira.

"Bado umo tu? Netiboli imeanza, we! Utaolewa na redio, nakwambia."

"Zimebaki nyingi."

"Vidude vyenyewe vyote sura moja! Nani atajua?"

Nkandu alizitazama. Kweli, zilikuwa sura moja: vijiti vya kioo vyenye mstari mweusi. Bayama alikuwa ameinamia redio ya mteja. Nkandu akachukua kalamu na kujaza mistari arobaini na tisa iliyobaki: 305, 312, 309, 312. Kisha akachagua nne zilizoandikwa 312. Mbili alikuwa amezipima. Mbili hakuzipima.

Bayama alilehemu kwa siku mbili. Walipojaribu, mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma kama kawaida. Alipiga uzi mmoja wa gitaa, na spika ikatoa mlio mkavu wa chuma chenye ufa. Bayama akaweka gitaa chini, akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndiyo hasa!"

Jumapili umeme ulikuwepo, lakini mwenye mashine hakuiwasha. Nkandu aliingia kibandani peke yake, akawasha spika na kisanduku, akasimama bila kugusa gitaa. Katika ukimya ule aliusikia: wiiii, mwembamba kama sindano. Aliwaza kulehemu upya, kupima arobaini na tisa, na kumtazama Bayama usoni. Akazima. Ukumbini watu watakuwa wengi, alijiambia, nani atasikia? Wala hakumwambia mtu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama yake Nkandu alikaa mstari wa mbele, kitambaa cheusi kichwani. Msomaji wa majina alikuwa Ba Kafula, mzee aliyeendesha lifti ya shimo kwa miaka ishirini na sita.

"Kabla ya majina," alisema, "tusimame kimya kwa dakika moja."

Watu mia mbili wakanyamaza. Na ndani ya ukimya wao, kutoka kwenye spika, ukasikika mluzi.

Nkandu alikuwa amesahau bomba. Mwaka uliopita, mwamba ulipoporomoka, waokoaji walisukuma bomba la hewa kwenda kwa watu waliofukiwa. Familia zilikaa kando ya bomba lile siku nne, zikisikiliza hewa ikipiga mluzi mwembamba kwenye maungio, kwa sababu mluzi ndio uliokuwa matumaini yao. Siku ya nne mtu alikuja akafunga hewa.

Mjane mmoja alianza kulia kwa sauti. Mwanamume akapaza sauti nyuma: "Chansa! Umetuletea bomba? Umetuletea bomba humu ndani?"

Bayama aliuvuta waya ukutani kwa nguvu. "Nisameheni, ndugu zangu," alisema. "Mimi ndiye fundi. Kosa ni langu."

Majina yalisomwa bila kengele. Mama yake Nkandu hakuyasikia, alikuwa ameshatoka. Nkandu alimkuta kwenye ngazi za nje, viganja vimeziba masikio.

"Mama, ni mimi," alisema. "Sikupima zote. Niliandika uongo."

Mama yake alishusha viganja. Kisha akasema, "Mjomba wako amebeba kosa lako mbele ya watu wote. Rudi ndani ukamwambie."

Nkandu alirudi. Bayama alikuwa akikunja waya, Ba Kafula kando yake. Aliwaeleza yote, hata ya Jumapili, na hapo kwenye Jumapili ndipo Bayama alipotafuta kiti akakaa.

"Ulisikia, ukanyamaza?"

"Nilisikia, Bayama."

Hakumpiga wala hakumkemea. "Ulipima ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Thelathini na moja."

"Basi zimebaki arobaini na tisa."

Jumatatu Bayama alizing'oa dayodi nne kisandukuni, na Nkandu akaanza. Koleo, sitini, mita, kalamu. Alipofika kwenye zile dayodi mbili za uongo, moja ilisoma 298 na nyingine 341. Mwape alipokuja na mpira, Nkandu alimwambia bila kuinua macho, "Sitoki leo. Wala kesho." Alipata ya tatu iliyosoma 312 kwenye namba hamsini na nane. Ya nne aliipata kwenye namba sabini na sita, lakini hakuacha mpaka themanini.

Bayama alipomaliza kulehemu, alikwenda kwa mwenye mashine ya kusaga akamwomba azime kwa dakika kumi. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wamejitwisha mabeseni ya mahindi. Waliposikia ni kwa ajili ya nini, hakuna aliyenung'unika. Mashine ikanyamaza. Bayama akawasha kisanduku, na yeye, Nkandu na foleni nzima wakasikiliza. Hakikusikika kitu.

Jumamosi iliyofuata familia nne tu zilirudi ukumbini. Tatu zilisema zimetosheka na maumivu. Mama yake Nkandu alikuja, akakaa karibu na mlango, kitambaa cheusi amekishusha usoni. Dakika ya kimya ilipita, nayo ilikuwa kimya kweli. Ba Kafula akasoma jina la kwanza, na Bayama akapiga: moja, mbili, tatu. Mkono wa mzee ukajongea wenyewe hewani, kama uliokamata mpini wa lifti.

Jina la baba yake Nkandu lilikuwa la tano. Moja. Mbili. Tatu. Mama yake aliondoa kitambaa usoni.

"Wamepanda," alisema polepole.

Watu walipotawanyika, Ba Kafula aliomba kuliona daftari. Nkandu alimpa, aibu ikimchoma. Mistari arobaini na tisa ilikuwa imekatwa kwa kalamu, na pembeni ya kila mmoja palikuwa na tarakimu mpya.

"Asubuhi ile," alisema mzee, "nililetewa karatasi. Ilisema mwamba wa juu umepimwa, uko salama. Ilikuwa na tarakimu na sahihi, imeandikwa vizuri kabisa. Nikawashusha baba yako na wenzake. Baadaye tukajua kwamba hakuna aliyekwenda kupima. Pengine alichoka. Pengine alisema, nani atajua?"

Mzee alifuata kwa kidole mistari iliyokatwa.

"Sikuambii haya ili nikuumize, mwanangu. Wewe umepata nafasi ya kurudi kupima. Aliyeandika karatasi ile hakuipata. Anayesoma unachoandika anauweka uhai wake juu yake. Kama hujapima, acha mstari wazi, na useme uko wazi."

Alimrudishia daftari. Nkandu alilifunga, akamsaidia Bayama kukunja waya, kisha akatembea na mama yake kurudi nyumbani. Njiani mama alimuuliza dayodi ya nne ilikuwa namba ngapi, na Nkandu akamwambia.