Mfuniko wa Pipa la Dobi

Kila asubuhi Mama Dobi alikuwa wa kwanza kufika kwenye chemchemi. Chemchemi hiyo ilitoka ndani ya msitu, na msitu wenyewe ulikuwa katikati ya mji. Upande mmoja ulipakana na barabara kuu, upande wa pili na shule, na upande wa tatu na kamba zake za kuanikia nguo. Maji ya bomba yalikuja mara mbili kwa wiki, tena kwa kujivuta. Maji ya chemchemi yalikuja kila siku, na sabuni ilitoa povu tele ndani yake. Bila maji yale, kazi ya Mama Dobi ingekufa.

Mumewe alikuwa seremala. Mtaa mzima ulimwita Okota, kwa sababu hakuweza kuona ubao njiani akaupita. Hata akiwa amevaa nguo za harusini, angeubeba tu begani. "Mke wangu, hiki ni kiti," angesema. Kile kiti kingekaa uani miaka mitatu bila kupata miguu.

Safari hii, kwa kweli, alikuwa amefanya jambo la maana. Alimtengenezea mkewe mfuniko wa pipa la maji, kwa ubao mpana uliokwisha kupigwa randa. Mama Dobi alimsifu siku nzima.

Siku tatu baadaye aliugeuza mfuniko ili ausugue upande wa chini. Akaona maandishi. Mama Dobi alikuwa amejifunza kusoma mwaka ule ule, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo hakuacha kitu bila kukisoma. Alisoma pakiti za sabuni. Alisoma hata kola za mashati ya wateja. Basi alifuta povu, akafuata maneno kwa kidole.

"Ta-nga-zo. Ombi la kujenga maduka na maegesho ya magari katika eneo la msitu. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ofisi ya mji, kabla ya tarehe ishirini."

Siku hiyo ilikuwa tarehe kumi na tatu.

Mama Dobi alikaa juu ya ndoo. "Baba Watoto! Ubao huu uliutoa wapi?"

"Ule? Kwenye mti, pale njia ya kuingilia msituni. Ulining'inia kwa msumari mmoja. Nikajua mtu ameutupa."

"Hukuusoma?"

"Niliupima. Unene wake inchi moja kamili!"

Mama Dobi hakujua acheke au alie. Alimsomea tangazo lote, polepole. Okota akapandwa na hasira. "Wathubutu! Matingatinga yakija, nitalala mbele yake."

"Na mgongo wako huo? Ukilala, nani atakuinua?"

Jirani yao alikuwa bibi mmoja aliyefanya kazi ofisi ya ardhi hadi akastaafu. Watu walimwita Bibi Karani. Mama Dobi alimpelekea mashuka yake yaliyokauka, Okota akimfuata nyuma, na juu ya mashuka aliweka ubao.

Bibi Karani alivaa miwani. Alisoma, akamtazama Okota, akasoma tena.

"Mwanangu, umetufichia habari ya mtaa mzima chini ya mfuniko wa pipa."

"Nisamehe, Bibi. Sikujua."

"Haya, bado tuna siku saba. Kwanza, rudisha ubao pale pale ulipoutoa. Kila mtu ana haki ya kuusoma. Pili, tuandike barua za pingamizi."

"Andika wewe moja nzuri," alisema Mama Dobi, "sisi tutainakili."

"Hapana. Barua hamsini zenye maneno yale yale, msomaji atachoka kwenye ya pili. Kila mtu aandike anachokijua mwenyewe. Aweke jina, sahihi na tarehe. Tutatoa nakala, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, watasema hawakuiona."

"Mimi najua nini, Bibi? Najua kufua tu."

"Basi niambie. Maji yamebadilika?"

Mama Dobi alifikiri. "Zamani ndoo yangu ilijaa nikiwa nafua shati la pili. Mwaka jana walikata miti ya kona ya juu. Siku hizi nafua mashati matano ndipo ijae."

Bibi Karani alipiga makofi. "Umeona? Miti hukinga mvua isipige ardhi. Majani yaliyooza huyashika maji, yakazama chini taratibu, na ndiyo hayo unayoyateka. Ukikata miti, mvua hupita juu juu na kuleta mafuriko mitaani. Andika hayo ya mashati hivyo hivyo."

Wiki hiyo mtaa haukulala usingizi wa mchana. Okota aliurudisha ubao, akasimama chini yake na kukiri kosa lake mwenyewe mbele ya wapita njia. Walimcheka mpaka mbavu zikawauma, kisha wakaenda kuandika. Mwalimu aliandika juu ya kivuli cha madarasa. Mfuga nyuki aliandika juu ya maua. Asiyejua kuandika alisema, Mama Dobi akamwandikia, naye akaweka dole gumba. Tarehe kumi na tisa, barua sitini na moja ziligongwa muhuri.

Siku ofisi ya mji ilipoita kikao cha kusikiliza pingamizi, mtu wa kampuni ya ujenzi alisimama na picha za rangi. "Msitu ule hauna faida kwa mtu," alisema.

Mama Dobi aliinuka. Alisoma barua yake yote, na safari hii hakutumia kidole. Alipofika kwenye mashati, ukumbi ulicheka. Afisa wa mji hakucheka.

"Kesho nitakuja kuona," alisema.

Alikuja kweli. Mama Dobi aliweka ndoo chemchemini, akaanza kufua, na afisa akawa anahesabu. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mashati yakaisha, na ndoo bado haijajaa.

"Vua!" Mama Dobi alimwambia mumewe.

"Mbele za watu?"

"Vua, msitu unakungoja!"

Okota alivua. Mama Dobi alilifikicha shati lile, na alipolikamua maji yakafurika ukingoni mwa ndoo. Afisa aliandika: matano.

Baada ya mwezi mmoja, jibu lilitoka. Ombi la maduka lilikataliwa. Msitu ulitengwa kuwa hifadhi ya mji, na wakazi walipewa miche waipande kwenye ile kona ya juu. Mama Dobi alilia kwa furaha, machozi yakaingia kwenye beseni la sabuni.

Misimu miwili ya mvua ilipita. Miche ilisimama, na ndoo ikaanza kujaa kwenye shati la nne.

Okota aliomba kazi ya kutengeneza ubao mpya. Mama Dobi aliandika kwa rangi: MSITU HUU NI WA WOTE. Alimtazama mumewe akipigilia msumari wa tano, wa sita, wa saba, wa nane.

"Baba Watoto, yote hiyo ya nini?"

Okota alipangusa jasho. "Kuna seremala mmoja mtaani humu," alisema, "namjua vizuri sana."