Viganja Viwili vya Chokaa

Walikutana kwenye foleni ya duka la vifaa vya ujenzi, Jumamosi, watu wamejaa hadi barabarani. Msusi alikuwa ndani ya gauni jeusi jipya. Mfinyanzi aliyekuwa mbele yake akageuka na mfuko wa chokaa begani, mfuko ukapasuka, gauni likawa jeupe kuanzia kifuani hadi magotini.

"Mama yangu! Wewe kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Samahani, dada. Nitalifua mwenyewe."

"Ulifue saa ngapi, na nimelivaa?"

Foleni nzima ikacheka. Gauni hakulifua, lakini namba za simu walipeana, na mwezi haukuisha msusi akawa anashinda karakanani kwa mfinyanzi kila Jumatatu, siku ambayo saluni yake hufungwa. Alikuwa anajifunza kuchanganya glezi, ule uji wa majivu, udongo na unga wa mawe unaopakwa kwenye vyombo, ukichomwa unang'aa kama kioo.

"Pima, mpenzi," mfinyanzi alimwambia. "Kila kitu kwenye mizani, uandike. Halafu jaribu kwenye kigae kwanza."

"Mimi nachanganya rangi za nywele mwaka wa tisa huu. Jicho langu ndiyo mizani."

"Nywele zikiharibika zinaota tena."

"Nenda zako huko!" Akampaka uji puani.

Na hapo ndipo, jamani, alipojiponza. Jumatatu moja aliachwa peke yake. Akachovya kigae kwenye ndoo kubwa ya glezi, akaona weupe wake umefifia, akataka kumfurahisha mwenzake. Akatia chokaa viganja viwili, akakoroga. Hakupima, hakuandika; kigae akakiacha kwenye vyombo vinavyosubiri kuchomwa. Hakujua kwamba chokaa ikizidi, glezi huyeyuka kupita kiasi ikatiririka. Kesho yake mfinyanzi akachovya humo vikombe arobaini vya hoteli.

Moto wa tanuri aliuwasha dada wa mfinyanzi, yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Tanuri lilipofunguliwa, vikombe vyote vilikuwa vimegandana na rafu.

"Umepitiliza moto!" mfinyanzi alifoka. "Ulikuwa unapiga soga kwenye simu!"

"Mimi? Miaka kumi na miwili nachoma, leo ndiyo nimesahau?"

"Basi kaa nyumbani!"

Dada akavua aproni, akaondoka bila kuaga. Msusi alikuwa pale pale, ufagio mkononi. Kwenye rafu ya pili alikiona kile kigae alichokichovya kabla ya kuongeza chokaa: kizima, hakikutiririka hata tone. Kumbe moto haukuwa na kosa. Akakitia kwenye mkoba, akafyata ulimi.

Wiki mbili hakulala vizuri. Simu ya mfinyanzi ikiita, anaigeuza kifudifudi. Siku moja akaipokea.

"Mpenzi, umenichoka?"

"Kazi nyingi tu."

"Dada hanisemeshi, na wewe unanikimbia. Nimebaki na nani sasa?"

Msusi akakata simu, akafunga saluni mchana kweupe, akaenda moja kwa moja kwa yule dada. Alimkuta anakunja nguo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Amekutuma?"

"Hapana. Nimekuja kusema kosa langu." Akaweka kigae mezani. "Hiki kilikuwa kwenye tanuri lile. Nilikificha. Glezi niliiharibu mimi, niliongeza chokaa."

Dada alikigeuza kigae, akakigeuza tena. "Ukasimama pale unasikia ninavyofokewa."

"Nilisikia."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Niliogopa ataniacha."

"Ukaona bora aniache mimi."

Msusi akalia kwa aibu. Dada hakumbembeleza. Alimwambia, "Mpigie. Weka spika."

Msusi akarudia yote, neno kwa neno.

"Dada, upo hapo?" mfinyanzi aliuliza.

"Nipo."

"Nisamehe, dada yangu. Sikukuuliza, nilikurukia tu."

"Wewe nimekuzoea tangu unanyonya kidole."

"Na wewe, mpenzi... vikombe nitafinyanga vingine. Lakini ulinitazama namfukuza dada yangu."

"Najua. Ukiniacha, sitakulaumu."

"Sikuachi. Nakupenda, na ndiyo maana nimeumia hivi. Njoo Jumatatu, tuanze upya."

Dada akainama kwenye simu. "Na mimi nakuja. Siwashi moto mpaka huyu anieleze kila ndoo ina nini."

"Nitakueleza, wifi," msusi alisema huku anafuta machozi.

"Wifi utaniita siku nikikuamini. Kwa sasa niite dada."