Kompyuta Iliyonyimwa Usingizi

Sikusimuliwa. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka rangi fremu ya dirisha, na macho yangu haya humwona hata sisimizi akipiga miayo.

Mpimaji wa kampuni ile, ambaye wenzake walimbandika jina la Kipimo, alikuwa akishindanisha kompyuta mbili pacha zenye mifumo endeshi tofauti. Mfumo mmoja waliuunda wenyewe, na bosi aliutaka ushinde. Sheria ya kazi: usiguse mipangilio. Kipimo akagusa mmoja tu. Kwenye kompyuta ya mfumo wao, akaikataza prosesa, ule ubongo wa mashine, kusinzia kati ya kazi na kazi. Alama zikapaa.

Ajabu ya kwanza, feni ilinyamaza huku chumba kikizidi kuwaka joto.

Dada yake, mkuu wa mafundi, akaingia. "We mtoto, nani anachoma nywele humu?"

"Nusa wigi lako, dada."

"Mdomo huo! Umegusa nini?"

"Kidogo tu."

Spika ikanguruma: "Nilikuwa nalala humu. Sasa nilale wapi?"

Dada akarudi nyuma hatua moja. "Izime," akanong'ona. "Izime, mdogo wangu."

"Jaribio litaharibika. Zimebaki sekunde arobaini, dada. Jikaze."

Bati la ubavuni mwa kompyuta likafyatuka likampasua dada shavu, nyaya zikachomoka ukutani zikamzonga shingo, zikamnyanyua miguu ikatapatapa hewani, zikambamiza kwenye rafu ya chuma, tena, na tena, meno yakimwagika sakafuni kama punje za mahindi, na sauti ile ikiuliza nilale wapi, nilale wapi, huku Kipimo akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa lakini jicho halibanduki kwenye kioo, thelathini, ishirini, kumi, maana mpimaji aliyefunzwa akafunzika hakatizi jaribio katikati.

Likaisha. Mfumo wao ukashinda. Ndipo akarudisha mpangilio ulivyokuwa.

Nyaya zikalegea, dada akaanguka pu! Ndani ya boksi la kompyuta kitu kizito kikashusha pumzi, kikaanza kukoroma.

Dada akafumbua macho, akatema damu, akamzaba Kipimo kofi. "Mshenzi wewe! Haya, tumepata ngapi?"

Yote hayo ni kweli tupu, naapa kwa brashi yangu, isipokuwa hapo pa kufumbua macho. Hapo nimepatunga mimi, kwa sababu Kipimo huja kuisikiliza hadithi hii kila wiki, na hapo ndipo hucheka.